Filimbi Iliyozidi Vidole Vinne

Mimi ni fundi cherehani, na sikosei kipimo. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mume wangu, ambaye ni fundi rangi, aliyaandika maneno hayo juu ya mlango wa duka langu kwa herufi nyekundu: FUNDI ASIYEKOSEA. Aliandika kwa kunitania, siku nilipomgombeza kwa kununua pazia lililoishia katikati ya dirisha. Nikamwambia ayaache hapo hapo. Wateja waliyapenda, na mimi niliyapenda kuliko wateja.

Kwa hiyo hebu fikiria nilivyojisikia kuambiwa "piga Ijumaa" na mtu mwingine.

Mtu mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa filimbi za mti niliyemwagiza filimbi yangu, anakaa mbali, na nilikuwa namjua kwa sauti tu. Kila nikimpigia simu alinijibu kwa upole wa kuudhi.

"Bado matundu tu, mama. Mti ulichelewa kukauka. Piga Ijumaa."

Sasa, Ijumaa na mimi tunafahamiana. Kila fundi nguo ana Ijumaa yake. Mteja anaulizia gauni, gauni bado ni kitambaa kilichokunjwa kwenye rafu, na fundi anasema bila kupepesa macho: bado vifungo tu, njoo Ijumaa. Na filimbi ambayo "bado matundu tu" ni gauni ambalo bado mikono, shingo na mwili. Nilimtukana kimoyomoyo, kisha nikacheka peke yangu, maana ule uongo ulikuwa wangu, umenirudia mlangoni na viatu vyake.

Lakini kungoja kulinitisha, na sababu yake ilikuwa dada yangu.

Jioni, nikifunga duka, huwa napiga filimbi katika kikundi chetu kidogo. Tuko wanne. Kiongozi wetu ana duka la vifaa vya ujenzi na anapiga gitaa. Tunamwita Nukta, kwa sababu akishaamua jambo husema "nukta" na mjadala umekwisha. Wa pili ni kijana wa kinanda, tunamwita Umeme, maana umeme ukikatika na yeye hana kazi. Wa tatu ni mimi. Wa nne ni dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, kuolewa na kuwa mjane, na watu wote wanamwita Kengele kwa ajili ya sauti yake. Tunafanyia mazoezi chumba cha nyuma cha duka la Nukta, katikati ya magunia ya saruji na mabomba.

Upo wimbo mmoja ambao ni wa dada. Si kwamba aliununua. Ni wake tu, kama pua ilivyo yake. Naanza mimi na filimbi, yeye anachukua sauti kutoka kwangu, tunakwenda pamoja, halafu karibu na mwisho mimi nanyamaza na yeye anapanda juu peke yake. Watu huja kwa ajili ya pale juu. Nimewaona wanaume wazima wakitafuta leso.

Kisha filimbi yangu ya zamani ikapasuka, kuanzia mdomoni hadi chini, na haikuzibika. Umeme akasema hakuna shida, kinanda chake kina kitufe cha filimbi. Akakibonyeza. Ikatoka sauti ya birika linalochemka. Na katika miezi hiyo ya birika, sauti ya dada ikaanza kukatika pale juu.

Mara ya kwanza alisema ni vumbi la saruji. Mara ya pili, maji baridi. Kuanzia hapo lawama zote zikamwangukia Umeme na kitufe chake.

"Nitachukuaje sauti kutoka kwenye birika?" dada aliuliza, mikono kiunoni. "Nipeni filimbi ya mti, halafu muone."

Wote wakaamini, au wakajifanya kuamini. Mimi sikuamini. Nililala chumba kimoja na sauti ile utotoni, na tangu hapo niliisikia kila mwaka ikizidi kuwa nzito na nzuri kule chini, na nyembamba kule juu. Sauti ilikuwa imeshuka. Hakuna ubaya, hata mabega hushuka. Kosa langu lilikuwa kusema.

"Dada," nilimwambia siku moja tukitembea kurudi nyumbani, "kwa nini wimbo tusiushushe kidogo?"

Alisimama katikati ya njia.

"Tushushe? Mimi nishushwe? Mimi ni mzigo?"

"Wimbo, Dada, si wewe."

"Wanaoshushwa ni watu waliofika mwisho wa safari. Neno hilo usiniletee tena." Akanipa mgongo, na kwa muda mrefu baada ya hapo salamu zake zilikuwa za kutupiwa.

Halafu watu wa redio wakakubali kuja kuturekodi, Jumamosi, na walitaka wimbo ule ule. Nukta alifurahi, kisha akakunja uso. Alimngoja dada atoke nje, akatuambia mimi na Umeme: "Tutafanya mazoezi Jumatano. Sauti ikikatika tena, wimbo atauimba binti mmoja wa kwaya ninayemjua. Sipendi, lakini redio haina huruma. Nukta."

Umeme, ambaye hajui kufunga mdomo, alimwambia dada kabla jioni haijaisha. Dada alijifunga kilemba chake upya, akaenda zake. Mimi nilijua: akinyang'anywa wimbo ule, hataimba tena hata jikoni.

Ndiyo maana nilikuwa napiga simu kila Ijumaa kama mtu anayedai maiti.

Nirudi nyuma kidogo nieleze vipimo, kwa kuwa kila kitu kinatokea hapo. Nilipoagiza filimbi, dada alikuwa anakwenda kumtembelea binti yake, na mtengenezaji anakaa mtaa wa jirani na huyo binti. Nikampa dada vitu viwili ampelekee. Cha kwanza kilikuwa karatasi ya kukatia nguo niliyochora viganja vyangu, kila kidole mahali pake, mtu aone naweza kufikia wapi. Cha pili kilikuwa utepe mweusi niliouweka juu ya filimbi ya zamani na kuukata palipoishia filimbi. Sikumpa namba. Namba mtu anaweza kuisoma vibaya. Utepe ni utepe. Nilimwambia mtengenezaji kwa simu: "Urefu ni huo, mwanzo wa utepe mpaka mwisho wake. Usiongeze, usipunguze."

"Sawa, mama," alisema. "Ijumaa."

Boksi lilifika Jumanne, na mume wangu ndiye aliyelileta dukani, amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Imefika filimbi yako," alisema. "Sasa utaacha kunipigia kelele mimi."

Nilikuwa na mteja kwenye kioo, pini zimejaa kwenye mkono wa gauni lake. Nikamwambia asimame hivyo hivyo asipumue. Nikakata kamba kwa mkasi wa kitambaa, jambo ambalo namkataza kila mtu. Ndani kulikuwa na pumba za mbao, na ndani ya pumba kulikuwa na filimbi.

Jamani. Niliishika nikamsahau mteja na pini zake. Ilikuwa ya mti mwekundu unaokaribia weusi, imesuguliwa mpaka ikawa laini, nzito kidogo upande wa mdomoni. Nikaweka vidole. Kila kidole kilikuta tundu lake bila kutafuta. Matundu mengine yalikuwa yamekaa upande kidogo, pale pale vidole vyangu vinapopenda kukaa. Gauni likimkaa mtu hivi, halimtii fundi aibu. Nikamsamehe Ijumaa zake zote.

Nikapuliza. Sauti ilikuwa pana na tulivu, ikajaa duka lote, na yule mteja akapumua pini zikamchoma. Machozi yalinitoka. Nikapuliza tena, mwanzo wa wimbo wa dada.

Ndipo nikasikia. Sauti ilikuwa chini.

Si chini kidogo. Chini kiasi ambacho mtu yeyote mwenye masikio angesikia. Nikachukua filimbi ya zamani kutoka kwenye droo nikaziweka sambamba. Mpya ilizidi vidole vinne.

Damu ilinipanda. Nilimpigia yule mtu simu, na salamu sikutoa.

"Umekosea kipimo!"

"Mimi?" alisema kwa ule upole wake. "Mama, nimefuata utepe wako hadi ncha ya mwisho. Na nimekurudishia, umo kwenye boksi. Mimi sikai na sampuli za watu."

Nikapekua pumba. Kweli, utepe ulikuwemo, umeviringishwa na kufungwa uzi. Nikaufungua, mdomo wangu tayari umejaa maneno ya kumwaga.

Sikuyamwaga. Utepe wangu mweusi, nilioukata kwa mkono wangu, ulikuwa na kipande kingine kimeshonewa mwishoni. Kilikuwa cha kijani, urefu wa vidole vinne.

"Mama? Upo?"

"Nipo," nilisema. "Hukukosea. Ni filimbi nzuri mno. Asante."

Kitambaa kile nilikijua. Ilikuwa bitana ya gauni la kijani la jukwaani la dada yangu, niliishona mwenyewe. Na mishono niliijua zaidi. Mama alitufundisha sindano sote wawili kwenye benchi moja. Kwangu iliingia. Kwa dada ilikataa kata kata: mishono yake huruka, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja umeenda kutembea, na mwishoni hufunga fundo kubwa kama la mtu anayefunga mbuzi. Fundo lilikuwepo.

Kwanza nilikasirika. Alikuwa amegusa kipimo changu! Watu wamepelekana kwa wazee kwa makosa madogo kuliko hayo. Kisha nikamwona, amekaa kitandani nyumbani kwa binti yake, miwani puani, anafumua bitana ya gauni lake zuri na kuhangaika na sindano aliyoichukia maisha yote. Hakuwa na uwezo wa kulisema lile neno, kwangu wala kwa mtu. Lakini alijua kwamba filimbi ya mti haikazwi wala hailegezwi. Nyuzi hulegezwa, kinanda huhamishwa, na kila mtu huifuata filimbi ilipo. Filimbi ikiwa ndefu, wimbo utashuka wenyewe, na hakuna atakayesema Kengele kashushwa. Moyo uliniuma, nikampenda dada yangu mpaka nikakaa chini.

"Nitoe pini?" mteja aliuliza.

"Toa," nilimwambia. "Njoo Ijumaa."

Jumatano dada aliwahi kufika, naye si mtu wa kuwahi. Nilimkuta amekaa juu ya gunia la saruji alilofunika gazeti, mkoba mapajani.

"Nasikia imekuja."

"Imekuja, Dada."

"Ni nzuri?"

"Ni nzuri. Ndefu, lakini nzuri."

Akawa anahangaika na kifungo cha mkoba, kinafunguka, kinafungwa. "Haya," alisema. "Mimi mambo ya filimbi siyajui."

Nukta aliipokea filimbi kwa heshima, akaigeuza, akasifia mti. Kisha akaniomba nipulize sauti ya kwanza, akaijaribu kwenye gitaa. Akarudia. Akalilaza gitaa mapajani.

"Fundi. Mbona hii iko chini?"

"Iko chini," nilisema.

"Chini sana. Huyo mtu kakosea. Nipe namba yake." Alikuwa ameshatoa simu mfukoni. "Nampigia sasa hivi, tena kwa sauti kubwa tusikie wote. Atueleze kipimo alikitoa wapi."

Nilimtazama dada. Alikuwa ameangalia viatu vyake. Mtengenezaji angesema nini? Angesema kweli: utepe mweusi, kipande cha kijani. Na gauni lile la kijani lilikuwa limemkaa dada mwilini hapo hapo mbele yetu.

Sikufikiri sana. Mkasi ukishaingia kwenye kitambaa huwa sifikiri.

"Weka simu," nilisema. "Huyo mtu hana kosa. Kipimo nilichukua mimi. Nilikosea."

Umeme aliondoa mikono kwenye kinanda kana kwamba kimepata moto.

"Rudia," Nukta alisema.

"Nilikosea kipimo. Nilikata utepe bila kuangalia. Masikio yenu yana saruji?"

Basi walicheka! Umeme alishikilia bomba asianguke. Nukta alifuta machozi kwa mkono wa shati, akisema, "Fundi Asiyekosea! Leo mtaa mzima utalala na raha!" Niliwaacha wacheke. Iliniuma, sitadanganya, jina langu ndilo duka langu. Lakini nilisimama wima kama mtu anayepimwa suti.

"Mkishamaliza," nilisema, "tufanye kazi. Filimbi haipandi wala haishuki. Nyuzi zako zinalegea, Nukta. Umeme, hicho kinanda kina kitufe cha kuhamisha sauti zote, au kinajua birika tu? Mtanifuata mimi nilipo." Kisha nikamgeukia dada, kwa adabu zote. "Dada, nisamehe. Nimeharibu mimi, na itabidi uimbe huku huku kwa sababu yangu."

Dada akainuka, akajikung'uta vumbi, akawaambia wale wengine kwa ile sauti yake ya mkubwa wa nyumba: "Sasa nitafanyaje? Ni mdogo wangu. Kaharibu, nimtupe?"

Nukta akalegeza nyuzi. Umeme akatafuta kitufe. Nikapuliza mwanzo wa wimbo, polepole, na dada akachukua sauti kutoka kwangu kama alivyozoea.

Nilijua baada ya mstari wa kwanza. Ile sauti nzito niliyoisikia nyumbani akiosha vyombo, ambayo hakuna mtu wa nje aliyewahi kuisikia, sasa ilikuwa imepata pa kukaa. Alikuwa hakimbilii kitu. Tulikwenda pamoja, filimbi na yeye, na karibu na mwisho nikaondoa mdomo na kubana pumzi. Alipanda. Akafika juu, akasimama pale kadiri alivyotaka, akashuka kwa hiari yake. Hakuna kilichokatika.

Nukta alikohoa.

"Kengele anaimba Jumamosi," alisema. "Nukta."

Habari za kosa langu zilinitangulia kufika dukani. Asubuhi yake mteja wa kwanza aliniambia, akiinua mikono: "Fundi, pima mara mbili, tafadhali. Tumesikia." Wa pili alikuja na futi kamba yake kutoka nyumbani. Mume wangu alisimama mlangoni na kopo la rangi nyeupe na brashi, uso wa huzuni ya uongo.

"Nifute?"

"Jaribu uone," nilimjibu. "Bado ni kweli." Akanitazama, akatazama maandishi, akaenda zake na kopo lake. Hakuuliza. Miaka mingi ya ndoa humfundisha mtu asiulize.

Ijumaa dada alikuja kujaribu gauni jipya la kurekodia. Duka lilikuwa limejaa, nalo hilo alilipenda.

"Pima vizuri," alisema kwa nguvu, watu wote wasikie. "Nasikia siku hizi unakosea."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nikamsogeza nyuma ya pazia, mbele ya kioo, peke yetu. Futi yangu ilikuwa shingoni kama kawaida. Sikuichukua. Nilivuta droo nikatoa utepe mweusi wenye kipande cha kijani, nikampima nao mgongo, bega hadi bega, bila haraka.

Aliuona kwenye kioo. Niliendelea kupima.

"Mishono mibaya," alisema kwa sauti ndogo.

"Mibaya sana, Dada. Mama angelia."

Akacheka kwa pua, kisha macho yake yakajaa, akayatazamisha dari mpaka yakatulia. Niliuviringisha utepe nikautia mfukoni mwangu. Nikapiga magoti kupanga pindo. Dada yangu tangu ujana hupandisha pindo, watu waone viatu vyake. Hata sihitaji kumuuliza. Nikalikunja kwa juu, pini mdomoni.

Nikahisi kiganja chake kikitua kichwani kwangu.

"Shusha," alisema. "Shusha kidogo, mdogo wangu."

Nikashusha.